Muulizeni Umri Tu: Barua ya Wazi Kuhusu Vijana Kwenye Bima ya Wazazi Wao

Kwa:
Waziri wa Afya, Afya House, Cathedral Road
Bodi na Afisa Mkuu Mtendaji wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Ragati Road
Kamishna wa Bima, Upper Hill
Kamati ya Afya, Bunge la Taifa

KUH: VIJANA WA MIAKA 18 HADI 25 WALIO CHINI YA BIMA YA WAZAZI

Waheshimiwa,

Sisi tunaoandika barua hii ndio tunaokaa nyuma ya vioo vya madirisha ya bima katika hospitali za Nairobi, pamoja na wenzetu wa ofisi za rasilimali watu na mawakala wa bima za kibinafsi. Sheria mnazopitisha hutufikia zikiwa na sura ya mtu: kijana kajikunja kwenye benchi, mama yake kashika simu na kitambulisho, na foleni nyuma yao. Kazi yetu ni kusema kama jina la kijana limo au halimo. Mara nyingi mno halimo, na sababu yenyewe haihusiani na ugonjwa wala na pesa alizolipa mzazi.

Tuanze na lililo zuri. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoizika NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, na kutuletea SHA kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, haimtupi mtoto siku anapofikisha miaka 18. Inamhesabu kuwa mtegemezi mpaka atimize 21, mradi hana kipato chake na anaishi na mchangiaji. Inamwongezea mpaka 25 kama anasoma muda wote shuleni au chuoni, au kama ni mwanagenzi aliye chini ya mkataba wa kujifunza kazi, naye hapati fedha zaidi ya basari au ufadhili. Mwenye ulemavu anayemtegemea mzazi kabisa hana kikomo cha umri.

Ukiisoma ofisini, hiyo ni sheria yenye huruma. Ukiisoma dirishani, unahesabu maswali. Ana miaka mingapi? Ana kipato? Anaishi wapi? Anasoma? Swali la kwanza lina jibu kwenye kitambulisho na kwenye mfumo. Matatu yaliyobaki kila moja linadai karatasi, na karatasi hizo ndizo zinazowatoa vijana nje.

Ombi letu ni moja, mengine ni matawi yake: mpaka miaka 25, mwulizeni mtoto umri tu.

Tuchukue swali la masomo, maana ndilo linalokula muda wetu mwingi zaidi. Barua ya chuo inayokubalika inatakiwa iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya usajili, mwaka wa masomo, maneno kwamba anasoma muda wote, tarehe anayotarajiwa kumaliza, sahihi na mhuri. Ni mambo machache, lakini kila moja lina mahali pake pa kuharibika. Majina matatu yanapangwa hivi chuoni na vile kwenye kitambulisho, na mfumo unaona watu wawili. Tarehe ya kumaliza iliandikwa wakati wa kujiunga; baadaye ukaja mgomo wa wahadhiri, muhula ukasogezwa, na sasa barua inasema kijana alimaliza mwezi wa nane ilhali yumo darasani na mtihani bado. Mwenye salio la karo anaambiwa alipe kwanza ndipo apewe barua, kwa hiyo kijana ambaye nyumbani hakuna kitu ndiye wa kwanza kukosa kava. Na yule aliyefanya karatasi ya mwisho mwezi wa nne, anayesubiri mahafali ya Desemba, hatujui tumwiteje. Si mwanafunzi tena, na cheti cha kutafutia kazi bado hana.

Gumu kuliko yote ni hili. Kijana wa miaka 22 anaugua: figo, akili, uvimbe, chochote kinachohitaji miezi. Daktari anamwambia apumzike. Chuo kinamruhusu kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja na kinaandika barua nzuri kabisa ya kuthibitisha hivyo. Barua hiyo ndiyo inayomwondoa kwenye bima, kwa sababu sasa hasomi muda wote. Ugonjwa umemtoa darasani, na kutoka darasani kumemtoa kwenye tiba ya ugonjwa huo huo. Tumeshuhudia familia zikishauriana palepale kwenye korido kama kijana arudi darasani akiwa hivyo hivyo, ili mradi jina libaki.

Jambo hili si letu peke yetu. Marekani walikuwa na kanuni za namna hii: kampuni nyingi za bima zilimwondoa mtoto akifika 19, au akimaliza chuo. Mwanafunzi mmoja wa New Hampshire aliendelea na masomo ya muda wote huku akipewa dawa za saratani ya utumbo mpana, kwa kuwa angepunguza masomo angepoteza bima. Mwaka 2008 Bunge lao likapitisha sheria iliyopewa jina lake, Michelle's Law, ya kumruhusu mwanafunzi mgonjwa kupumzika hadi mwaka mmoja bila kutolewa. Hicho kilikuwa kiraka. Miaka miwili baadaye, kwenye sheria kubwa ya bima iliyotiwa sahihi tarehe 23 Machi 2010, wakaacha kushona viraka. Mpango wowote unaopokea watoto wa mwanachama sharti umpe mtoto nafasi mpaka atimize miaka 26. Haijalishi anasoma au hasomi, ameoa au hajaoa, anaishi kwa wazazi au amehama, anafanya kazi au hana. Mke au mume wake haingii, wala watoto wake. Akifika 26 ana siku 60 za kujiunga na bima yake mwenyewe bila kungoja msimu wa kawaida wa usajili. Hatuwaleti Wamarekani hapa kwa sababu tiba yao ni nafuu. Bei zao zinajulikana dunia nzima. Tunawaleta kwa sababu walijaribu maswali manne, wakaona gharama yake, wakabaki na moja.

Swali la makao halihitaji maneno mengi. Mzazi yuko Mwingi, mtoto amepanga bedsita Kahawa Wendani ili awe karibu na chuo. Je, anaishi na mchangiaji? Karani mmoja anasema ndiyo kwa sababu likizo anarudi nyumbani. Karani wa hospitali ya jirani anasema hapana. Wote wawili wameisoma sheria.

Kipato ndicho chenye mtego. Kijana wa 23 anapata nafasi ya mafunzo ya kazini kwa miezi mitatu, posho ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Mwajiri anamkata asilimia 2.75 kama sheria inavyotaka. Hiyo ni shilingi 275, lakini kiwango cha chini ni 300, basi anakatwa 300. Hapo hana shida: ni mchangiaji, ana kava yake. Mwezi wa nne mkataba umeisha. Mshahara hakuna, mchango hakuna. Kwa mzazi alishatoka kwa sababu alikuwa na kipato, na hakuna utaratibu wa kumrudisha. Mlango wa kutoka upo, wa kurudia haupo. Kinachobaki ni ajiandikishe kama mtu wa sekta isiyo rasmi, ajibu maswali ya kupima uwezo wa kaya, halafu alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hata akipimwa chini kabisa ni 300 mara 12, yaani 3,600 mara moja, kwa mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa akiazima nauli.

Na upimaji wenyewe, tuuangalie kidogo. Maswali yanahusu nyumba: ya aina gani, maji yanatoka wapi, mnapikia nini. Kijana asiye na kazi anaishi kwa mamake. Anaeleza nyumba ya mamake, yenye kuta za mawe na mtungi wa gesi jikoni. Mashine inampigia hesabu kama mwenye nyumba. Hivyo serikali inamwambia mambo mawili kwa siku moja: wewe si wa kaya ya mama yako, na utalipa kulingana na nyumba ya mama yako.

Tupite Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Sheria inamtaja mwanagenzi, na tunaishukuru kwa hilo. Lakini inamtaka awe chini ya mkataba rasmi. Kijana anayejifunza kutengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko pale kwenye mabanda anaingia kwa fundi kwa maneno ya mdomo. Mwaka wa kwanza ananyoosha bati kuukuu, anakunja ukingo, anagonga ribiti. Analipwa chakula cha mchana na nauli. Kumbukumbu pekee yenye jina lake ni daftari la fundi, ukurasa wa deni la chai. Siku bati linapoteleza na kukata kano, ule mshipa unaovuta kidole, anahitaji upasuaji wa kuunganisha kano hiyo, tena mapema, kwa sababu ncha zake hujivuta na kila siku inayopita kazi inakuwa ngumu zaidi. Anafika dirishani mkono umefungwa kitambaa, tunamwomba mkataba wa uanagenzi. Ni kama kumwomba samaki leseni ya kuogelea.

Mwenzake wa umri huo huo aliye kwenye taasisi ya ufundi, anayejifunza kazi ileile ya bati kwa vitabu, ana barua yenye mhuri. Kama Bunge litachelewa kurekebisha sheria, basi angalau SHA itoe waraka kwamba kwa wanaojifunza ufundi mitaani inatosha karatasi moja: jina la fundi na nambari ya kitambulisho chake, jina la mwanafunzi, kazi anayojifunza, tarehe ya kuanza, na sahihi ya mwenyekiti wa jua kali wa eneo au chifu. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, tayari inawapa mafundi wa mitaani mitihani ya daraja. Risiti ya kujiandikisha kwa mtihani huo pia ikubaliwe.

Sasa kosa ambalo halitokani na sheria bali na simu. Vyuo vinamtaka mwanafunzi mpya aje na nambari ya SHA. Kijana ana kitambulisho kipya, anabonyeza *147#, anajaza, anapata nambari, anafurahi. Asichojua ni kwamba amejiandikisha kuwa mchangiaji mkuu wa kaya mpya yenye mtu mmoja. Kwa mama yake alikuwa kwa nambari ya cheti cha kuzaliwa. Huku yuko kwa nambari ya kitambulisho. Kuna watu wawili kwenye mfumo: mtoto aliyelipiwa na mtu mzima asiyelipiwa. Hospitali inaleta juu yule wa kitambulisho kwa sababu ndicho alichokuja nacho, na skrini inaonyesha kwamba hajalipa. Kumrudisha kunataka afutwe kwenye kaya yake na aunganishwe na ya mzazi, kazi ambayo sisi dirishani hatuna ruhusa ya kuifanya. Anaandikiwa ombi, anaambiwa asubiri. Kidole tumbo hakisubiri.

Dawa yake ni mistari michache ya programu. Mtu wa chini ya miaka 25 anapojisajili, kabla ya kumfungulia kaya, mfumo umwulize: «Je, mzazi au mlezi wako ni mwanachama? Weka nambari yake ya kitambulisho.» Mzazi apate ujumbe wa kuthibitisha kwenye simu yake. Akithibitisha, kijana anabaki kwenye kaya ya mzazi akiwa na nambari yake mwenyewe ya kwenda nayo chuoni. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho viunganishwe kuwa rekodi moja, vya zamani visiachwe vikielea. Na sisi makarani tupewe uwezo wa kufanya muunganisho wa muda wa saa 72 kwa mgonjwa aliyelazwa, ofisi ya kaunti iukague baadaye. Tukikosea, jina la karani litakuwa limeandikwa pale.

Kamishna wa Bima, kwenye kava za kibinafsi karatasi ni zile zile, ila yanaongezeka mambo mawili: tarehe na muda wa kusubiri.

Tarehe kwanza. Mkataba mmoja unamwondoa mtoto siku yake ya kuzaliwa. Mwingine unamwacha mpaka kava itakapofanywa upya. Wa tatu unahesabu umri wa siku ya kuzaliwa inayokuja, kwa hiyo «miaka 25» kwenye tangazo ni miaka 24 kwenye mkataba. Tofauti hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo, na mzazi huitambua kadi inapokataa kaunta. Kwa waajiri ni vigumu zaidi. Familia hupangwa kwa ukubwa, M+1, M+2, M+3, yaani mwanachama na mtegemezi mmoja, wawili au watatu, na ofisi ya rasilimali watu hupeleka orodha kwa kampuni ya bima mara moja kwa mwaka. Jedwali la kompyuta limewekwa kanuni ya kuwafuta waliofikisha 18 ambao barua ya shule haijaonekana. Hakuna anayepiga simu. Tunaomba kanuni moja kwa kampuni zote: mtoto abaki mpaka mwisho wa mwaka wa kava anaotimizia miaka 25, na siku 90 kabla ya kutolewa ujumbe uende kwa mzazi na kwa kijana mwenyewe, si kwa mzazi peke yake.

Muda wa kusubiri ndio unaoumiza. Kwa kawaida kava mpya hulipa ajali tangu siku ya kwanza, ugonjwa wa kawaida baada ya siku 30, ugonjwa sugu au uliokuwepo kabla baada ya mwaka mmoja, na uzazi baada ya miezi 10 au 12. Kanuni hii ina maana yake. Bila hiyo watu wangenunua bima wakiwa njiani kwenda hospitali, na sisi tulio kwenye biashara hii hatutaki iondolewe. Lakini mwangalieni kijana mwenye pumu aliyeingia kwenye kava ya babake akiwa na wiki mbili. Premiamu yake imelipwa miaka 25. Jumatatu anatolewa, Jumanne ananunua kava yake kwa kampuni ile ile, jengo lile lile, wakala yule yule. Pumu yake sasa inaitwa ugonjwa uliokuwepo kabla, na kipulizio ajinunulie mwaka mzima. Yule ambaye kanuni iliwekwa kumzuia ni mtu aliyekaa nje akingoja augue. Huyu hakuwahi kukaa nje hata siku moja.

Tunakuomba uagize hivi: kijana anayetoka kwenye kava ya mzazi na kununua yake ndani ya siku 60 asianze upya muda wowote wa kusubiri ambao ameshaumaliza, awe amebaki kwa kampuni hiyo au amehamia nyingine. Kampuni anayoiacha impe barua ya ukurasa mmoja bila malipo, ndani ya siku saba, yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha kava, na muda wa kusubiri uliokamilika. Kampuni zinahamisha vikundi vizima vya waajiri kwa mtindo huu kila Januari. Hakuna mgeni wa utaratibu huu mjini.

Wazazi mtakaoisoma barua hii ikiwa njiani kwenda kwa Kamishna: msingoje agizo. Iombeni barua hiyo ya kampuni leo, mkiwa bado wateja, maana mkishaondoka simu haipokelewi kwa haraka ile. Na mtazame kwenye mtandao wa Afya Yangu kama majina ya watoto yamo, mmoja mmoja, kabla ya siku ya kuhitaji.

Kuna jambo wazazi wengine hawatalipenda. Kila kadi inapotumika, mwanachama mkuu hupata ujumbe: nani, hospitali gani, shilingi ngapi. Kwa mtoto wa miaka sita ni sawa. Kwa mtu mzima wa 21 ni kumvua nguo mbele ya babake. Msichana anayetaka ushauri wa uzazi wa mpango, mvulana anayetaka kipimo cha magonjwa ya zinaa, yeyote anayetaka kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, anajua simu ya baba italia kabla hajatoka getini. Wengi wanaacha kadi nyumbani na kwenda kununua dawa dukani bila kupimwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na mwenye taarifa hizo ni mtu mwenye mwili, si mwenye kulipa. Ujumbe uende kwenye simu ya aliyetibiwa. Mzazi apate tu kiasi kilichobaki kwenye kikomo cha familia, bila jina la kliniki. Anayelipa ana haki ya kujua pesa zimebaki ngapi. Zaidi ya hapo amwulize mwanawe.

Uzazi nao. Kava nyingi za kibinafsi zinamlipia uzazi mwanachama mkuu au mkewe, binti hapana. SHA ina viwango vyake, shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Lakini binti akiwa mtegemezi, mtoto anayezaliwa ni mjukuu wa mchangiaji, na mjukuu hayumo kwenye orodha ya sheria. Kichanga kilichozaliwa mimba ikiwa ya miezi saba kikiingia kwenye mashine ya joto, kinaingia kikiwa hakina kaya. Tunapendekeza mtoto wa mtegemezi ahesabiwe kwenye kaya ambamo mama yake ni mtegemezi kwa siku 90 za kwanza, muda ambao binti atafungua kaya yake mwenyewe.

Tunajua swali litakaloulizwa kwanza kwenye kikao: nani atalipa? Tujibu kama watu wa hesabu. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 anakatwa 1,100 kwa mwezi, 13,200 kwa mwaka, awe na mtoto mmoja au sita. Mchango haujawahi kufuata idadi ya watoto. Kumbakiza kijana wa 23 kunaukosesha mfuko ile 3,600 ambayo angelipa peke yake, kama angelipa. Hilo «kama» ndilo lenye uzito. Kijana mzima wa afya asiye na kazi halipi, anakaa nje. Anayekopa huku na huku akalipa mwaka mzima kwa mkupuo ni yule aliyekwisha kuambiwa na daktari kuwa ana jambo. Kwa kuwatoa vijana kwenye kaya, mfuko haupati vijana walipaji. Unapata wagonjwa wao tu, na wale wengine unakutana nao wakiwa wamevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda, hawana kava, na hospitali ndiyo inayobeba deni.

Gharama ipo, hatuifichi, na ya ajali na uzazi si ndogo. Pia si kila kijana atanufaika kwa kubaki. Vifurushi vingine, kama cha saratani, vina kikomo kwa kaya nzima kwa mwaka, na nyumba yenye wagonjwa wawili inakigawana. Kwa hiyo iwe hiari: anayetaka kaya yake akiwa na miaka 19 aruhusiwe, na akibadili nia kabla ya 25 arudi mara moja bila faini.

Kwa Kamati ya Afya, tumejaribu kuandika maneno yenyewe ili msianze na karatasi tupu. Kwenye sehemu ya tafsiri, vifungu viwili vya mtoto vifutwe, kiingie kimoja: «mtoto wa mchangiaji, au mtu aliyelelewa na mchangiaji kama mtoto wake, ambaye hajatimiza umri wa miaka 25, awe anasoma au hasomi, awe anaishi na mchangiaji au haishi naye, na iwapo amekuwa mchangiaji kwa ajili ya ajira, atahesabiwa tena kuwa mtegemezi kuanzia siku ajira hiyo inapokoma.» Maneno ya «aliyelelewa» tumeyaweka kwa makusudi. Nairobi imejaa vijana waliokuzwa na nyanya, shangazi na kaka wakubwa, ambao hawana amri ya mahakama ya ulezi. Na hata walio nayo, kwa kawaida inaishia miaka 18. Wa kuongeza kifungu cha udanganyifu aongeze. Hatuna pingamizi.

Marekebisho hayo yatachukua muda. Waraka wa kukubali barua ya kuahirisha masomo kwa ugonjwa, barua ya fundi, na kitambulisho cha mwanafunzi kilicho hai hata kama karo haijaisha, unaweza kutolewa na Bodi bila kungoja Bunge. Swali moja la ziada kwenye *147# ni kazi ya wanaotunza programu. Agizo la muda wa kusubiri ni la Kamishna. Ofisi zenu zote ziko Upper Hill au kando yake, mkitoka kwenye moja mnafika nyingine kwa miguu kabla chai haijapoa.

Tunawaomba wale wanaotunza mfumo wa SHA waje wakae nasi dirishani siku moja, wakiwa na kompyuta zao, waone majina yakikataa. Waje Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi. Wanafunzi waliougua wikendi huwa wamefika mapema.

Wenu,
Makarani wa bima wa hospitali, maofisa wa rasilimali watu na mawakala wa bima,
Nairobi